Moshi Uliohamia Kalimoni

Kazi yangu katika kiwanda cha makadamia, Thika, ni kuhesabu moshi. Cheo changu ni afisa wa mazingira, lakini mama yangu, aliyenisomesha kwa kuuza maziwa, huwaambia majirani kwamba niko ofisini, na hapo mazungumzo yanaisha.

Serikali iliahidi dunia nzima kwamba siku moja nchi hii haitatoa kaboni zaidi ya ile inayoweza kuondoa hewani. Hali hiyo wanaiita sifuri. Sheria ikatungwa, ikafika mezani kwangu ikiwa fomu yenye swali moja la maana: kiwanda chenu kinachoma nini? Tulikuwa tunachoma kuni, malori kwa malori, kukausha makadamia. Nikaandika kuni. Meneja alipoisoma, alinuna siku mbili.

Siku ya tatu akapata suluhisho. Tukaweka sola juu ya paa, ikatosha taa, kompyuta na birika la chai. Kazi ya kukausha akampa mkandarasi mwenye shamba Kalimoni, na tanuri akamuuzia, likaenda huko pamoja na kuni zake. Mwaka uliofuata nilijaza fomu kwa dakika chache. Wakaguzi walikuja, wakatazama bomba letu la moshi, ambamo ndege walikuwa wameanza kujenga viota, wakalipiga picha. Tukapewa cheti cha sifuri. Nilikitundika mwenyewe, na nilihakikisha hakijapinda.

Shamba la mkandarasi limepakana na boma la mama. Nilijua tangu siku ile mkataba ulipopita mezani kwangu. Sikusema kitu kwa sababu niliogopa kufutwa kazi, na sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo.

Mama ana pumu. Jumapili moja nilimkuta akikamua ng'ombe huku amejifunga leso mdomoni.

"Baba," akaniambia, maana mimi nina jina la babake, "hii moshi itanimaliza. Niandikie barua ya serikali. Wewe unajua Kizungu yao."

Hakujua makadamia yale ni ya nani, nami sikumweleza. Nikaandika. Nilieleza pumu yake, nikataja hadi kifungu cha sheria, jambo ambalo walalamikaji wengi hawafanyi. Akaipeleka ofisi ya serikali, ikagongwa muhuri. Ofisi ikamuuliza mkandarasi anamkaushia nani, kisha ikatuma barua ile kiwandani ijibiwe. Meneja akaileta mezani kwangu.

"Hii uijibu poa," akasema. "Huyu mama amesoma."

Niliandika kwamba kiwanda hakimiliki tanuri lolote Kalimoni, kwamba hesabu zetu zimekaguliwa, na kwamba tunamshukuru kwa kujali mazingira. Hakukuwa na uongo hata mahali pamoja. Sheria inamhesabia moshi mwenye bomba, na sisi bomba letu lilikuwa la ndege. Nilisaini kwa cheo, bila jina. Niliona aibu sana, nikaenda kunywa chai.

Sisemi sheria ni mbaya. Bila hiyo tungekuwa bado tunafukiza Thika yote. Ila mimi ndiye ninayejaza fomu, na nikiulizwa kama nchi itafika sifuri, najibu kwamba kwenye karatasi itafika mapema.

Jumapili nyingine mama akanipa bahasha nimsomee. Alikaa kwenye kigoda, akakohoa, nami nikangoja amalize.

"Wanasema wamepata barua," nikasema. "Wanasema hiyo tanuri si yao."

"Ni ya nani?"

"Ya huyu jirani."

"Na moshi?"

Niliitazama karatasi upya. "Hiyo hawajaandika."

Akaifungua leso, akaikung'uta, akaikunja tena. "Na huyo mtu aliandika hii, anajua niko na pumu?"

"Anajua, maitu," nikamjibu mama.

"Ngai, Mungu wangu," akasema. "Basi huyo hana mama."