Biofeedback ni salama? Yaliyomkuta dada yangu wa Mwankoko

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu humu, shikamooni. Nasimulia kama ilivyokuwa, na penye aibu nitapaacha na aibu yake.

Dada Rehema ndiye aliyenilea. Alilima alizeti na vitunguu Mwankoko, na alikuwa na presha ya miaka mingi, vidonge kila asubuhi. Shemeji alipofariki, dada akaanza kuumwa kichwa na kukosa usingizi.

Kliniki moja mjini ikamshauri aongeze biofeedback. Kwa asiyejua: unabandikwa nyaya vidoleni na kufungwa mkanda tumboni, kompyuta inakuonyesha mapigo ya moyo na pumzi zako, unajifunza kujituliza mwenyewe.

Mimi ndiye msomi wa familia (digrii ya fasihi, msicheke), nikajipa kazi ya kukagua usalama. Umeme hautamrusha? Hakuna mionzi?

"Kaka, mashine inasoma tu, haimwingizii kitu," mtaalamu wa pale kliniki alinijibu. Akamgeukia dada. "Ila mama, vidonge usiache. Hii ni nyongeza tu. Wa kukuachisha dawa ni daktari wako."

"Nimesikia, mwanangu."

Na ilimsaidia kweli. Kichwa kikatulia, akalala. Akawa ananitania: "Profesa, umesoma mpaka umeota upara, kupumua hawakukufundisha?"

Sasa sikilizeni.

Jumapili moja akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Alitaka kushukuru kwa usingizi tu. Lakini mnajua shuhuda zetu, vigelegele vikianza maneno yanarefuka. Alianza na kichwa, akamalizia na presha. Amepona! Kanisa zima likasimama, na mimi nikiwemo, napiga makofi.

Tangu siku hiyo hakumeza tena. Binti yake Jeni akimpelekea vidonge na maji, anaambiwa: "Nimesema madhabahuni kwamba nimepona. Mama Danieli wa kanisani akinikuta nameza, niitwe mwongo mbele za Mungu?"

Jeni akanipigia. Nikaenda.

"Dada, shikamoo. Vipi dawa?"

"Marahaba. Umekula?"

Akaniwekea ugali na mlenda. Nikauliza tena.

"Nimekufundisha kuvaa viatu, leo unanifundisha kumeza?"

Tukacheka. Kwetu mkubwa akishafunga mlango hivyo, mdogo haugongi tena. Nikapanga kurudi na mchungaji, huyo angemsikiliza.

Hatukuwahi. Stroke (kiharusi) ilimkuta shambani, anapalilia vitunguu.

Wodini hakuweza kusema. Yule mtaalamu alikuja bila mashine yake, akakaa kitandani, akamshika mkono na kuanza kuvuta pumzi taratibu. Dada akamfuata. Akavuta, akaachia, vizuri kabisa, kama alivyofundishwa. Nilitoka nje nikalia.

Tulimzika wiki hiyohiyo.

Kwa hiyo wakuu, jibu la swali langu lilikuwa sahihi: mashine ni salama. Swali ndilo lilikuwa bovu. Niliuliza habari za nyaya, sikuuliza itakuwaje siku mgonjwa akijisikia mzima. Ukimpeleka mtu wako kwenye tiba ya kumtuliza, ongea mapema na wale anaowasikiliza, mchungaji, shehe, hata mwenyekiti wa kwaya, ili siku ya kushukuru ashukuru huku anameza.

Mliowahi kumrudisha ndugu kwenye dawa baada ya kutangaza kwamba amepona, mlimwambiaje? Andikeni hapa, hata kama ni sentensi moja.

Jeni naye wamemkuta na presha. Anasema kwa umri wake ni uongo wa kipimo. Nitamtumia uzi huu jioni.