Mashine Iliyomlilia Kuku

Mwaka ule wa tisini na nne, mgeni aliyefika Iguhu akimtafuta Patroba aliulizwa kwanza, "Patroba yupi, wa misumari?" Akijibu ndiye, aliambiwa afuate mashimo. Yalianza karibu na njia panda, yakapita kando ya miwa, yakapanda mpaka kwenye migomba ya mkewe. Kila shimo lilikuwa na kina cha sufuria, na hakuna hata moja lililowahi kutoa dhahabu.

Chanzo cha mashimo hayo kilikuwa mashine. Ilikuwa na fimbo ndefu, chini yake sahani bapa, juu yake kisanduku chenye vifundo viwili, na waya uliokwenda mpaka kwenye vidude vya kuvaa masikioni. Ukiiwasha ilivuma polepole kama nyuki aliyeshiba. Ikikaribia madini, mvumo ulipanda ukawa kilio. Shida yake ni kwamba ilikuwa ya zamani, ya zile zilizotengenezwa kabla watu hawajazifundisha kuchagua. Dhahabu, msumari, kizibo cha soda, zote ilizililia kwa uchungu uleule. Hata udongo mwekundu ukilowa mvua, na Kakamega mvua ni ya kila alasiri, uliweza kuitoa machozi.

Patroba aliipata Mumias kwa Husseini, muuza vyuma vikuukuu, ambaye naye aliachiwa na mzungu mmoja mpima miamba aliyekuwa akirudi kwao. Kwa kuwa hakuwa na pesa, Patroba alitoa baiskeli. Akarudi nyumbani kwa miguu, mashine begani, akitabasamu peke yake njia nzima.

Edah, mkewe, alikuwa akimenya viazi. Baiskeli hiyo ndiyo iliyombebea ndizi mpaka soko la Khayega.

"Baba Isaiah," akasema, kisu mkononi, "umebadilisha miguu yangu na sahani?"

"Si sahani, Mama Isaiah. Ni mashine ya dhahabu."

"Iko na dhahabu ndani?"

"Hapana. Inaitafuta."

"Hata mimi ninatafutanga. Mbona sijafungwa waya?"

Patroba hakuwa mtu wa maneno. Ukimsalimia ghafla alijibu ukiwa umeshapita. Lakini siku hiyo alijikaza akaeleza kwamba Husseini ni mwungwana, tena ameapa kwa Mungu wake: mpaka sikukuu ya Jamhuri mwezi wa Desemba, Patroba akiona mashine haimfai, airudishe achukue baiskeli yake. Sharti ni moja tu, irudi kamili kama ilivyotoka, isipungue hata sikurubu.

"Basi Jamhuri," Edah akasema. "Dhahabu isipoonekana, hiyo sahani inarudi na baiskeli yangu inarudi. Na usiguse migomba."

Migomba aliigusa, lakini kwa pembeni.

Miezi ikapita. Patroba alijaza debe zima kwa misumari, makopo ya samaki, na vipande vya jembe ambavyo vilikuwa vimezikwa tangu zamani za babu yake. Wanzala, jirani yake, alikuwa akimngoja kwenye ua wa mpaka wao kila asubuhi.

"Patroba! Mke wangu amepoteza kijiko. Utakuja leo ama kuna foleni?"

Patroba alicheka kidogo, akaangalia viatu vyake, akaendelea kuvumisha mashine yake. Ndani ya vile vidude vya masikioni hakusikia kicheko cha mtu, na hiyo, kama angeulizwa, angekubali ni sehemu ya utamu wake.

Wiki chache kabla ya Jamhuri, alitandika gunia uani ili aisafishe mashine. Akafungua hiki, akapangusa kile. Alipokuja kurudisha, ile sikurubu ndogo ya shaba iliyoshika sahani kwenye fimbo haikuwapo. Alitazama chini ya gunia. Akatazama mifukoni. Akapiga magoti akachambua majani moja moja, kuku wakimzunguka wakidhani anawatafutia wadudu. Mwishowe alikata mpira wa tyubu ya zamani, akafunga sahani kwa huo mpira, kisha akaizungusha mashine uani ijitafutie kiungo chake. Ikalia kila mahali, maana ua ulikuwa umejaa yale mabaki aliyoyachimbua mwenyewe.

Hakumwambia Edah. Angemwambiaje? Bila dhahabu, mashine lazima irudi. Bila sikurubu, haiwezi kurudi. Baiskeli ilikuwa Mumias, na kila siku ya soko alimwona Edah akipanda njia ya Khayega na mkungu kichwani, naye akaingia nyumba ya ng'ombe akajifanya anafagia.

Ilibaki wiki moja, ndipo jambo lenyewe likatokea. Patroba alikuwa amekaa kizingitini, mashine ikivuma magotini, anafikiria uongo wa kumwambia Husseini. Kuku mmoja wa Edah, mweusi mwenye shingo tupu, akapita karibu na ile sahani akitafuta punje. Mashine ikalia.

Patroba akanyanyua kichwa. Kuku akaenda, kilio kikaisha. Akamrushia mahindi, kuku akarudi. Kikaja tena.

Akajaribu jogoo. Kimya. Akajaribu kuku wengine wote. Kimya. Mwenye shingo tupu alipopita, mashine ikapiga yowe mpaka Patroba akavua vile vidude masikioni.

Pale Iguhu wanawake wengi walikuwa wakiponda mawe ya dhahabu na kuosha unga wake kwenye karai mtoni, na kuku walikuwa wakiparua hapohapo. Tangu utotoni Patroba alikuwa amesikia kwamba kuku akimeza punje ya dhahabu, inakaa kwenye firigisi pamoja na changarawe zake. Dhahabu alikuwa nayo miezi yote, ikitembea uani, ikitaga.

Lakini kuku alikuwa wa Edah, na kuku wa Edah hachinjwi bila mgeni. Kwa hiyo Patroba akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aoe: kupitia dereva wa lori la mahindi, alimtumia salamu Masinde wa Likuyani, kaka yake Edah, aje awasalimie. Huyo Masinde, Patroba alikuwa akimkwepa kama mvua. Ndiye aliyekuwa akisimulia kila harusi jinsi Patroba siku ya mahari alivyosalimia mbuzi kabla ya wazee.

Edah alimgeukia mumewe. "Wewe? Umemwita Masinde?"

"Ni shemeji yangu."

"Uko na homa?"

"Nilifikiria... tumchinjie yule wa shingo tupu. Anaonekana amezeeka."

"Jana ametaga," Edah akasema, lakini kwa ajili ya kaka yake alikubali.

Masinde alifika Jumamosi na kicheko chake kilichotangulia mlangoni. Patroba aliketi naye sebuleni, anajibu "ndiyo" mahali pa "hapana", pua yake ikifuata mchuzi. Hakuwa na wasiwasi. Kwa Waluhya firigisi ni ya mwenye boma. Mtoto haigusi, mke haionji. Ingekuja kwenye sahani yake, yeye angeuma polepole, na jino lingekutana na utajiri.

Obusuma, yaani ugali, ukaja, ingokho, yule kuku, akaja, na juu kabisa, mbele ya Patroba, firigisi. Ilikuwa imepasuliwa katikati, imekunjuliwa kama kitabu, safi, imeoshwa mpaka imekuwa nyeupe.

Patroba aliitazama. Maisha yake yote alikuwa ameila hivi, tangu baba yake amwachie boma. Na maisha yake yote, hakuwa amejiuliza hata mara moja ni nani anayeipasua, na yale yaliyomo ndani yanakwenda wapi.

"Mama Isaiah," akaita. "Vitu vya tumboni... vya kuku... umetupa wapi?"

Masinde akaacha kutafuna. "Shemeji, nyama yote hii, wewe unataka mavi?"

"Nimetupa kwenye migomba," Edah akasema kutoka mlangoni. "Kwa nini?"

Patroba alishasimama. Alichukua mashine pembeni ya kabati, akavaa vidude vyake, akatoka. Masinde alimfuata na paja la kuku mkononi, hakutaka kupitwa. Edah akaja nyuma yao, mikono kiunoni.

Patroba alipitisha sahani juu ya manyoya, matumbo na changarawe. Mvumo mtupu. Akapitisha tena, chini zaidi, mpaka nzi wakaruka. Mvumo. Alijua basi kwamba dhahabu haipo na baiskeli haipo, na kwamba Likuyani nzima itasikia kabla ya Krismasi. Akageuka arudi ndani, kichwa chini, mashine ikining'inia. Alipompita Edah, ikalia.

Akasimama. Akarudisha sahani kwa mkewe. Ikapiga yowe, na hata Masinde aliisikia.

"Shemeji!" Masinde akapasuka kicheko. "Hiyo mashine haina makosa! Dada yangu ni dhahabu, tulikwambia siku ya mahari, ukawa unaongea na mbuzi!"

Edah hakucheka mara moja. Alifungua fundo kwenye ncha ya leso yake, akatoa kitu kidogo, akakiweka kwenye kiganja cha mumewe. Ilikuwa sikurubu ya shaba, inang'aa jinsi firigisi ilivyoisugua.

"Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe," akasema. "Tangu uifunge hiyo sahani na tyubu nilijua kuna kitu kimepotea. Nilipoiona kwa firigisi nikasema, leo tutaonana." Kisha kicheko kikamshinda, akaegemea mgomba. "Ai, Baba Isaiah! Umemchinja kuku wangu kwa sababu ya sikurubu yako!"

Patroba aliigeuza sikurubu kwa kidole. Halafu, pengine kwa sababu sasa baiskeli ilikuwa imerudi kiganjani mwake, naye akacheka, kwa sauti ambayo Masinde hakuwahi kuisikia.

Siku moja kabla ya Jamhuri, Husseini aliigeuza mashine huku na huku dukani kwake.

"Yote imechakaa, ndugu yangu, ila hii sikurubu. Mbona mpya?"

"Ilisuguliwa," Patroba akasema, na akapanda baiskeli kabla hajaulizwa na nani.

Soko lililofuata, alimpeleka Edah Khayega mwenyewe, mkungu umefungwa kwa ule mpira wa tyubu. Wanzala alikuwa kwenye ua wa mpaka kama kawaida.

"Patroba! Dhahabu ilipatikana?"

Kwa kawaida angeangalia viatu. Safari hii alipiga kengele.

"Nimeibeba nyuma!"

"Angalia barabara," Edah akasema, maana gurudumu la mbele lilikuwa limeshaelekea kwenye mojawapo ya mashimo yake.