Miguu ya Shangazi Verediana

Magodoro si nyanya. Hakuna mtu anayenunua godoro kila asubuhi. Watu hununua wanapooa, wanapopeleka mtoto bweni, au lile la zamani linapochoka kabisa kubeba siri za watu. Katikati ya hapo, muuzaji hukaa. Dastan Luvanda, mwenye duka la magodoro pale Nyololo karibu na njia panda, amekaa sana maishani mwake, na kukaa huko ndiko kulikomfanya mpiga picha.

Kamera yake ni ya mtumba. Aliuziwa na mpiga picha wa harusi aliyekata tamaa baada ya kila mgeni kuanza kuja na simu. Mwanzoni Dastan alipiga alichokiona kutoka kwenye kiti chake: malori ya mbao, wauza njugu wakikimbilia mabasi, ukungu ukishuka barabarani mchana kweupe. Mkewe alisema ni wazimu wa muda, utapita kama mafua. Haukupita.

Halafu akaingizwa kwenye kundi la wasapu linaloitwa Macho ya Nyanda, la watu wa Mbeya na Iringa wanaopiga picha kwa mapenzi tu. Kila Jumapili jioni mwenye picha huitupa uwanjani, wenzake wakaichambua. Kusema "nzuri" ukaishia hapo hairuhusiwi. Lazima useme ni nzuri kwa nini na imeharibika wapi. Inayopendwa kuliko zote inakuwa sura ya kundi, ile picha ndogo ya duara inayokaa kando ya jina, kwa wiki nzima.

Asmaa wa Iringa mjini alishaipata sura ya kundi kwa sahani ya sambusa. Amos wa Madibira, ambaye kila picha yake ni mpunga na yangeyange, alishaipata mara nyingi hata ikaanza kumchosha. Dastan alikuwa hajaipata hata siku moja. Aliitaka, nisimfichie, aliitaka kama mtoto anavyotaka baiskeli. Lakini kila alipotuma picha alijitokeza Jaha, muuza mapazia wa Iyunga, mtu wa miaka hamsini hivi, mwenye jicho kali na neno moja alipendalo: "Kata." Kata nguzo ile. Kata mbuzi yule. Kundi zima linamwita Mkasi, naye anaitika.

Sasa tumwendee Shangazi Verediana, maana bila yeye hakuna habari.

Shangazi Verediana ndiye aliyemlea Dastan tangu akitambaa. Anaishi kijijini, juu ya mlima, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Nyololo. Kitinda mimba wake, Saulo, yuko Mwanza kwenye kiwanda cha samaki. Saulo ni kijana mwenye mkono mwepesi: ametuma blanketi, ametuma sweta, ametuma birika. Na kila alichotuma mama yake amekishukuru, amekinusa, amekifunga kwenye karatasi yake na kukiweka sandukuni. "Nitakitumia siku yake," husema, na siku hiyo haijawahi kufika. Mwaka jana alikanyaga kisiki shambani, peku kama kawaida yake, na kidonda kikamlaza miezi. Saulo akaacha kazi kwa muda akaja kumuuguza. Kwa hiyo safari hii alipotuma viatu, vyeusi vya ngozi vyenye soli nene, alipiga simu kabisa.

"Mama, nataka picha umevivaa. Nisipoiona, situmi tena kitu. Bora nikae nacho mwenyewe kuliko kulisha mende wa sandukuni."

Ndipo shangazi akamwita Dastan.

Alimkuta amesimama mbele ya nyumba, kitenge kimepigwa pasi, kilemba kimekaa, mikono imenyooka kandokando ya mwili, na viatu vimebanana kisigino kwa kisigino.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Upige yote, toka kilemba mpaka soli. Na upige moja tu. Mimi sio bibi harusi."

Dastan akapiga moja. Lakini ile moja ilikuwa na bahati yake. Ukungu ulifunguka upande mmoja, mwanga ukamgusa shangazi shavuni, na kuku akapita karibu na ndoo akamchekesha kidogo, naye akajizuia kucheka. Uso wake ulibaki kati ya ukali na kicheko. Dastan alijua amepata kitu. Alifurahi mno hata hakujali alipomwona shangazi akivua viatu palepale mlangoni, akavifuta kwa pindo la kitenge na kuvirudisha kwenye boksi.

Jumapili akaitupa picha uwanjani.

"Kaka umeupiga mwingi!" akaandika Asmaa. "Mwanga wa shavuni umenimaliza. Ila ndoo ya bluu inanisumbua."

Amos akasema kuku ni mzuri kuliko wote. Halafu Mkasi akaingia.

"Uso huu, mashaallah. Sijaona uso kama huu humu ndani. Lakini Dastan, umemjazia mama wa watu mizigo. Mlango, ndoo, kuku, na hivyo viatu. Jicho langu linakimbilia viatu kabla halijafika kwake. Kata. Kata mpaka kifuani uone."

Dastan akakata. Akaitazama, akaona Jaha amesema kweli. Ule uso sasa ulikuwa umejaa kioo kizima, kila mkunjo umesimama mahali pake. Akaituma, na kundi likalipuka. Kabla hajaenda kula, Shangazi Verediana alikuwa amekaa kwenye duara, sura ya Macho ya Nyanda kwa wiki nzima. Dastan alimwonyesha mkewe, akamwonyesha jirani muuza spea, akamwonyesha hata mteja aliyekuja kuuliza mito. Na kwa fahari hiyohiyo, bila kuwaza mara mbili, akamtumia Saulo ile iliyokatwa. Kwani mtu ukiwa na picha nzuri na picha ya kawaida, unampa ndugu yako ipi?

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa Dastan mambo yaligeuka: guu lililovunjika lilikuwa la mkuu mwenyewe.

Jumanne mvua ilinyesha toka asubuhi. Ilipopungua, Dastan akamwona shangazi yake akiteremka njia ya udongo mwekundu kwa miguu. Hakuna bodaboda aliyekubali utelezi ule, naye hakuwa na subira ya kungoja. Alikuwa amevaa viatu vya Saulo. Vilikuwa vyekundu mpaka kwenye vifundo.

"Miguu yangu umeipeleka wapi?" aliuliza, hata salamu hakuitaka.

"Shangazi, karibu ukae kwanza..."

"Sikai. Saulo amenipigia simu ananigombeza kama mtoto. Ananiambia, mama, mbona umeficha miguu, si kwa sababu uko peku? Mimi nimesimama pale kama askari, nimebana visigino, nimekwambia mpaka soli. We mtoto, umenikata kwa nini?"

Dastan akajaribu kueleza habari za jicho la mtazamaji, kwamba linakimbilia viatu kabla ya uso. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa si ndicho nilichotaka?" akasema. "Likimbilie viatu."

Dastan akatoa simu. Akafanya haraka, akamtumia Saulo ile picha nzima. Jibu lilikuja upesi, la sauti, na duka zima likalisikia: "Kaka Dastan, nakuheshimu, lakini wewe ni fundi wa picha. Miguu hiyo umeiunganisha. Huko kunanyesha wiki ya pili, viatu vinang'aaje hivyo? Mwambie mama namjua."

Shangazi akaangalia pembeni. Dastan naye akaangalia pembeni, maana wote wawili walijua viatu vile vililala wapi tangu siku ya picha. Saulo hakuwa amekosea sana.

Lakini mwanamke yule si wa kunyamaza muda mrefu. Alitoka nje, akasimama ukingoni mwa barabara, magodoro nyuma yake, mikono kiunoni, viatu vikiwa vimezama kwenye tope. "Haya piga tena! Na ukikata, nakuchapa hapahapa mbele ya wateja wako! Mwambie aone!" Dastan akapiga wakati bado anafoka, mdomo wazi, kilemba kimeenda upande. Akaituma ilivyo.

Saulo alijibu kwa kicheko kirefu, kile cha mtu anayefuta machozi. "Huyo ndiye mama yangu. Tope hilo halidanganyi. Mama, asante kwa kuvivaa. Asante sana."

Shangazi aliomba kusikia tena. Akasikia mara tatu. Halafu akaiona simu ya Dastan vizuri, na lile duara juu yake.

"Na huyu ni mimi?"

"Ni kundi letu la picha, shangazi. Umeshinda wiki hii."

"Wananiona wangapi?"

"Kama mia na kitu."

"Mia na kitu," akarudia polepole. "Uso peke yake, hivi, kwenye kidirisha. Dastan, uso peke yake watu wananitazama siku nikiwa kwenye jeneza. Mimi bado natembea."

Dastan aliumia. Lile duara alilisubiri kwa hamu kuliko alivyowahi kusubiri chochote, na lilikuwa na siku mbili tu. Lakini huyu ndiye aliyembeba mgongoni. Akaandika kwenye kundi, akaeleza yote kuanzia kisiki mpaka jeneza, na mwisho akasema: "Naomba muitoe. Kama miguu haiingii, hata ushindi siutaki."

Kisha juu ya kioo ikaonekana kwamba Mkasi anaandika. Akaacha. Akaandika tena.

"Mwambie shangazi shikamoo. Aliyemkata ni mimi, sio wewe. Nitumie hiyo ya tope, nzima, usiguse kitu."

Sasa duara ni duara, mtu mrefu haingii bila kupunguzwa. Jaha akaizungushia picha ile weusi mpana pande zote mpaka shangazi akaingia mzima, kilemba hadi soli, mdogo kama sisimizi katikati ya giza. Akaiweka sura ya kundi.

"Mzee Jaha, mbona sura yenyewe haionekani?" akauliza Amos.

"Viatu vinaonekana," Jaha akajibu.

Dastan akampa shangazi simu. Aliishika mbali na macho kama anavyoshika Biblia, akajikagua: kichwa, mikono, mguu huu, mguu ule.

"Haya. Hapo nimetimia."

Dastan akamletea kitambaa afute viatu. Shangazi aliinama, akafuta kimoja kidogo, akakigeuza, akaona soli ilivyochubuka na tope lilivyoingia kwenye mishono. Akaguna.

"Vimeharibika hivi," alisema. "Haviwezi tena kurudi sandukuni."

Akamrudishia Dastan kitambaa chake, akashika njia ya mlimani, amevivaa.