Punda Asiye na Mzigo

Jino langu la kwanza kung'olewa lilinitoka huku nafikiria pa kupeleka kete. Kinyozi wa mtaani kwetu, Mungu amrehemu, alikuwa akinyoa, akitahiri na kung'oa meno, na sipendi kufikiria kama vyombo alikuwa akiviosha baina ya kazi moja na nyingine. Ganzi hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni ubao wa dama aliouchora kwa mkaa juu ya kasha la chai, na vizibo vya soda. Ukifika umeshika shavu, hukwambia, "Ndoo uketi, tuteze kwanza." Ndicho Kiamu chetu: njoo ni ndoo, macho ni mato, kucheza ni kuteza. Basi mwateza, naye anakuachia kizibo kimoja makusudi. Wewe mato yakutoka kwa tamaa, wainama ukile, kumbe koleo lishaingia kinywani. Nilipiga ukelele nadhani hata Shela waliusikia. Lakini kile kizibo nilikila kwanza.

Mama alimlaani yule kinyozi, na si kwa sababu ya jino. Alimlaani kwa dama, maana tangu siku ile sikushikika. Shule nilikwenda kidogo, halafu tukaachana bila ugomvi. Hesabu niliyo nayo ni ya dhumna. Wenzangu niliosoma nao wamekuwa maafisa, wana vitambi na sukari, mimi nimekuwa bingwa wa barza. Nyumbani tulikuwa na keram iliyopindika kwa unyevu, kete zikateleza zenyewe kuelekea upande wa baba, nasi tukasema ni baraka za mzazi. Tulipomzika tukaugeuza ule ubao, baraka zikahamia kwangu. Ndugu zangu hawakufurahi.

Nimeacha ndia. Nilikuwa nataka kueleza habari ya mjukuu wangu wa kike.

Huyu alisomea uchoraji Mombasa, akarudi hataki kazi ya hoteli wala ya ofisi. Anataka kutoa mitezo ya ubao, ya watu kuketi nyumbani na kuteza. Kampuni hana. Kampuni ni yeye, na meza ya bibi yake ya kukatia mboga. Wa kwanza aliouchora ulikuwa ni huu mji wetu, vichochoro vyote, kuanzia gatini, pashushiwapo mizigo ya majahazi, mpaka juu kilimani. Kila mtezaji ana punda, apakia mawe gatini na kuyapeleka kwenye kiwanja chake. Atakayemaliza nyumba mbele ya wenziwe ndiye mshindi. Na sharti kubwa ni moja: punda wawili wakikutana kichochoroni, asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo, arudi nyuma mpaka kwenye pembe. Nani hajui hilo hapa? Hata maiti ya tajiri humpisha punda wa simiti.

Tuliujaribu nyumbani mpaka mke wangu akawa haniwekei chai kwa sababu nilimziba njia. Kisha ukapelekwa Nairobi kupigwa chapa. Makasha yakaja kwa basi mpaka Mokowe, yakavushwa kwa boti, tukayafungua kwa bismillahi. Juu ya kila kasha, punda avuta mkokoteni! Fundi wa bara alimwona punda peke yake kwenye mchoro akamwonea huruma, akamtafutia kazi. Mkokoteni katika vichochoro vyetu, ambavyo mtu mwenye tumbo hupita ubavu! Ikabidi mke wangu apike gundi ya unga, tukabandika karatasi yenye shogi, ile mifuko miwili ya mgongoni kwa punda, juu ya kila mkokoteni. Gundi ilikuwa tamu. Panya wakala pembe za makasha kadhaa.

Duka lililokuwa tayari kuyauza lilikuwa moja tu, la bwana auzaye vitabu na miswala kwenye usita mkuu, ile njia ya maduka. Naye akaweka sharti.

"Bi mdogo," alimwambia mjukuu wangu, "watu wasema ni kamari. Nikimwona babu yako mkubwa ameteza mpaka mwisho, kwa mato yangu, nayaweka dukani kesho yake. Rafu ya chini ya misahafu."

Babu mkubwa ni kaka yangu. Alifundisha madrasa maisha yake yote, na nusu ya wanaume wa mji huu wana alama ya bakora yake mahali ambapo hawawezi kuionyesha. Akisema kitu ni halali, watu hula. Bila yeye, yale makasha yangebaki kuwa chakula cha panya, na mtoto angerudi Mombasa kuandika mabango ya vioski.

Kwanza alikataa dado. "Dado ni kamari," akasema. Mjukuu akaleta simbi, vile vikombe vidogo vya baharini. "Simbi ni ramli." Ndipo akaleta kokwa nne za tende: wazirusha, wahesabu zilizoangukia mgongo, mifereji ikatazama juu. Kaka akazipindua kiganjani, akatafuta dhambi, hakuiona. Nadhani alisikitika.

Basi baada ya alasiri akaja barzani kwetu, kwenye benchi la mawe mbele ya nyumba. Tuliketi yeye, mimi, yule bwana wa duka na mtezaji wa nne, jirani yetu wa bara auzaye kabeji. Mjukuu akasimama ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, vidole vimeshika komeo. Kwa heshima tukamwanzisha kaka, na kwetu mkubwa akishika zamu hatezi mtu mpaka amalize yeye.

Wallahi aliteza vizuri! Alishusha mawe yake, akacheka, akamwita muuza kabeji mwizi. Bwana wa duka akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu kaka akarusha kokwa, punda wake arudi gatini mtupu, akaingia kichochoro cha nyuma ya msikiti. Na humo ndani nilikuwamo mimi, shogi zimejaa.

"Kaka," nikasema, "rudi pembeni."

"Nirudi? Nikupishe weye? Nilikufunga nepi mimi!"

"Hunipishi mimi, wapisha mawe."

"Mzee, rudi tu," akasema jirani. "Si ni gemu?"

"Wewe uza kabeji."

Bwana wa duka akaanza kuvuta tasbihi kwa kasi, hataki kutazama upande wowote. Nami nikaona mambo yaharibika. Nikamshika punda wangu, nikasema basi, nitarudi mimi, mzigo si mzito.

"Babu, usirudi," mjukuu akasema mlangoni.

Nikamnong'oneza, "Mwanangu, duka!"

"Nalijua. Lakini yeo akipishwa yeye, kesho kila mwenye ndevu atataka kupishwa. Mtezo utakuwa umekufa."

Kaka akageuka. "Sharti hili umelitoa wapi?"

"Hapo nje, babu. Asubuhi nilikuona umejibana ukutani na kanzu yako, apite punda wa simiti."

"Yule alikuwa punda," akasema kaka. "Huyu ni karatasi."

Mtoto akamkazia mato. Kaka aliuangalia ubao, akamwangalia bwana wa duka, akazipanga kokwa nne kwa mstari, polepole, kama anayepanga vitabu. Kisha akashusha miguu barzani na kuvitafuta viatu.

"Nakuja," akasema.

Akaikusanya kanzu kwa mkono mmoja, akashika ukuta, akapinda kwenye pembe ya muuza halua. Sisi tukakaa, maana zamu ilikuwa yake. Mpaka magharibi hakurudi, mtezo ukabaki bila mwisho, na makasha bila duka.