Gari la mwezini lililokosa gurudumu moja

Mnisamehe, wenye diplome, lakini mu Lubumbashi hakuna anayeunganisha magari ya vipande vya plastiki kunipita. Masomo niliyaacha mapema, na karatasi ya maelekezo siifungui hata.

Juzi, ku duka moja la michezo ya watoto pale centre-ville, katikati ya mji, mama mwenye nguo nyeusi za kilio aliweka mezani mbele yangu gari la kutembea mwezini: kioo cha mviringo, dereva mdogo wa plastiki ndani, magurudumu matano. La sita alilifungua kutoka mu kitambaa.

“Bwana yangu alikuwa analijenga, akafa. Mutoto analia kila siku, anataka liishe.”

“Leta, mama! Dakika moja!” Nikalibandika: tak!

Mama akashika mdomo. “Kazi ya marehemu unaimaliza bila kumuomba ruhusa?”

“Nimuombe nani? Huyu wa plastiki?” Wateja wakacheka.

Gari likaanza kwenda. Meza haikuinama hata kidogo, na mikono yangu ilikuwa mfukoni. Lilikwenda polepole, bila sauti, likimuelekea mama. Hakuna aliyecheka tena.

“Omba,” mama akanong'ona.

Mimi huyu, mbele ya watu, nikamuinamia yule dereva. “Papa, pardon. Nilimaliza juu ya mutoto yako, asilie tena.”

Likasimama pale pembeni ya meza. Mama akalibeba kwa mikono miwili, akampelekea mutoto.

Mnauliza gari lenyewe likoje? Vipande vinashikana vizuri, kioo hakina mkwaruzo. Ninalipatia pointi tisa juu ya kumi. Ile moja inayobaki, papa aliyelianza atajipa mwenyewe.