Ng'ombe Waliopita Mpuguso

Neno "inasemekana" nalichukia tangu nianze kuandikia magazeti. Enzi hizo vyama vingi ndiyo kwanza vimeingia, magazeti mapya yanaibuka kila kukicha, na mimi, mwanamke wa Tukuyu, ndiye niliyekuwa mwandishi wa mojawapo huku kwetu.

Siku chache kabla ya kupiga kura, mtaa mzima wa Bulyaga, palepale mjini, ukavuma kwamba mgombea ubunge mmoja amefariki. Wafuasi wake wakaanza kusema hawaendi vituoni, maana maiti hachaguliwi. Nikaenda posta kumpigia mhariri, Dar es Salaam. Akataka habari ya kifo saa hiyohiyo, la sivyo nafasi yangu anampa mwingine. Nikamwambia asubiri. Akafoka, nami nikafoka, nikakata simu. Posta nzima walinitazama.

Nikawafuata wavumishaji, nikawauliza wameona nini hasa. Kila mmoja aliapa kaona kwa macho yake. Kumbe walichoona ni ng'ombe wakiswagwa kuelekea nyumbani kwa mgombea, Mpuguso, na wanawake nyuma wamejitwika mikungu ya ndizi. Naye hakuwa ameonekana mkutanoni. Basi, wakamzika. Kwetu ng'ombe na ndizi hupelekwa msibani, ni kweli. Lakini jamani, mahari je?

Nikashika njia kwa miguu, matope mpaka magotini. Karibu na kwake nikawaona majirani wanachuma chai. Nikashusha pumzi, kwani kwetu jirani akifiwa hakuna anayegusa shamba. Hata hivyo sikugeuza. Gazetini siandiki pumzi zangu.

Uani mama yake alikuwa anamenya ndizi. Nilimwamkia, nikauliza kwa aibu. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Ng'ombe walikuwa mahari ya mjukuu wake. Mgombea mwenyewe akatoka ndani, shingo kaifunga kitambaa, sauti imemkauka kwa hotuba. Akaninong'oneza, "Andika nipo."

Nikaandika nilichokiona, na ng'ombe nikawaweka. Mhariri hakuomba radhi, ila alichapa neno kwa neno, na gazeti likafika Tukuyu kabla ya kura. Siku yenyewe foleni ya Bulyaga ilipinda kona.

Yule bwana alishindwa, tena vibaya. Baadaye alinisimamisha sokoni, sauti imerudi. "Dada," akasema, "wamenikataa nikiwa hai. Ndaga fijo."

Sijawahi kushukuriwa vizuri kuliko vile.