Kitovu cha Mata Allo

Nani kakwambia Daeng Rannu alisamehe? Mwongo huyo. Hapa kijijini Tana Beru hakuna mwanamke mwenye kinyongo kama yeye, nami namsifu kwa hilo. Tukisamehe ovyo, wezi watatukalia kichwani.

Mumewe alimwachia binti wa kusomesha na mashua moja, Mata Allo. Mashua ikipeleka saruji na mchele visiwani, wanakula. Ikilala, wanalala na njaa. Basi ikaanza kuvuja.

Kwanza alinijia mimi, maana kalafati niliitia kwa mikono yangu. Alinikuta nakunywa kahawa mbele za watu.

"We Daeng Tojeng! Nyufa uliziba kwa magome ya mti au kwa makoko ya wali wako? Mabaharia wangu wanafua maji mpaka viganja vinachubuka!"

"Dada, kazi yangu haivuji."

"Basi bahari imepanda ngazi ikaingia yenyewe!"

Watu wakacheka. Iliniuma, sikufichi. Nikakagua kila kiungo, nikatia kalafati upya, kazi bure! Chini maji yalijaa vilevile. Ndipo shemeji yake, Daeng Sila, ndugu wa marehemu, akaanza kupitapita. Naye alikuwa akijenga chombo chake kipya, hatua chache tu kutoka kwetu.

"Shemeji, mashua haitaki kuamriwa na mwanamke," akamwambia. "Niuzie mie, japo kwa bei ya kuni."

"Nitaichoma moto kabla sijakuuzia wewe."

Tukaivuta nchi kavu. Tundu la namna hiyo hulipati kwa kuchungulia; unajaza maji ndani, unalala chali chini ya chombo, unangoja kuona wapi patalia. Rannu hakutuma mtu. Alijifunga kibwebwe, akatambaa mchangani. Mbavu kavu. Viungo vikavu, na mimi nikaanza kutabasamu. Mara tone likamwangukia shavuni, kutoka katikati kabisa ya mkuku.

"Kitovuni," akasema kwa sauti ndogo.

Kwetu chombo ni mtoto. Kabla hakijashuliwa, fundi mkuu hutoboa kitovu chake katikati ya mkuku, kisha hukiziba kwa kigingi, na unga wa mbao unaotoka hapo huhifadhiwa na mwenye chombo, ndiyo riziki yake. Toka siku hiyo hapaguswi. Hata mimi, mjinga mkubwa, nilikagua kote nikaparuka hapo hapo. Mwizi alilijua hilo.

Tulipokitoa, kigingi kilikuwa kimekwanguliwa kwa ndani hadi kikawa chembamba kama kidole cha mtoto. Mata Allo haijawahi kurudi mikono mitupu, na wapo watu wanaoamini kwamba ukipaka unga wa kitovu cha chombo chenye bahati kwenye chombo chako kipya, bahati huhamia kwako. Na ndani ya kigingi ilinasa ncha ya kisu.

Nilidhani Rannu atapiga yowe. Wapi! Aliifunga ile ncha kwenye pindo la mtandio wake.

"Ukitamka neno nakukata ulimi. Shemeji anashua lini?"

"Ijumaa."

"Vizuri. Tutakwenda kumsaidia kuvuta."

Ijumaa pwani ilifurika. Hapa hatutumii mashine. Kijiji kizima hushika kamba na kuvuta mpaka chombo kiguse maji. Mbuzi wa kuchinjwa kabla ya kushua alikuwa amefungwa tayari. Rannu akaja kapendeza, ananukia, kabeba sinia la songkolo, wali wetu wa kunata wa sherehe. Sila akachekelea, akidhani shemeji amesalimu amri.

"Shemeji," Rannu akasema, na kila mtu akasikia, "mbuzi mchinje kwa kisu cha baba mkwe. Hicho unachojivunia kila siku. Marehemu angefurahi."

"Hiki? Hakina makali."

"Jana tu kilikuwa kinanyoa ndevu! Kitoe bwana, watu wanangoja."

"Kitoe!" wazee wakaitikia.

Sila akakibana kisu kiunoni. "Kilivunjika ncha. Nilikuwa nafua nazi."

"Nazi gani, hii?" Rannu akainua kigingi juu, akafungua fundo la mtandio. Mzee mmoja akakichomoa kisu kiunoni mwa Sila, akakiunganisha na ile ncha. Vikakutana barabara.

"Nilikwangua kidogo tu!" Sila akalia. "Wallahi, sikujua kama itavuja!"

"Na ulipojua, ukaja kutaka kuinunua. Watu wangu wangezama, mwanangu angekula mchanga, wewe unapanga bei ya kuni! Haya, bahati si unayo? Ikuvutie."

Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye kamba. Nikaiachia, nikatema mate chini. Nyuma yangu ikawa inaanguka, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka ikalala yote mchangani. Roho yangu ilitulia siku hiyo, nasema kweli. Rannu akabeba sinia lake akaondoka nalo, hakumwachia Sila hata punje.

Sila na wanawe walivuta wenyewe mpaka wakachoka. Ametuma watu kuomba radhi mara nyingi. Rannu huwapa chai, huwasikiliza kwa adabu, kisha huwajibu: "Mwambieni avumilie, hasira imebaki kidogo tu."

Mata Allo ina kigingi kipya, na asubuhi hii imeondoka na shehena ya saruji kwenda Selayar. Chombo cha Sila kipo palepale mchangani. Mbuzi wanalala kivulini mwake, na jua limeanza kuachanisha mbao. Rannu akipita hapo lazima asimame. Hukigonga ubavuni kwa kiganja, kisha hupaza sauti mpaka Sila asikie ndani kwake:

"Chombo chako imara, shemeji! Hakijavuja hata tone."